Mkando wa Vuli

Siku hizi tunakandwa na vitanda vyenye mikono iliyonakiliwa kutoka kwa wakandaji, na sheria inataka kila msimu uwe na mkando wake. Changu kina mikono ya marehemu mama. Wakati wa kipupwe hunikanda kwa mafuta ya ufuta ya moto, kiangazi kwa ya nazi. Mkando wa vuli hakuumaliza. Alifariki akinakiliwa, mikono ikiwa kiunoni mwa mteja. Ndiyo maana kila vuli mikono husimama kiunoni, nami huinuka.

“Si uweke wa masika?” mume wangu aliniuliza leo, mvua za kwanza zikigonga bati.

“Kitanda hakikubali, baba Rukia.”

Nikalala kifudifudi. Mikono ikafika kiunoni, ikatulia. Nilipoanza kuinuka ikanirudisha chini taratibu, kama mama alivyowafanyia wateja wenye haraka, kisha ikaendelea kushuka miguuni.