Siku Mwarobaini Ulipochunwa

Asubuhi hiyo Bi Mwanakheri alitoka uani kukata gome la dawa ya homa, akakuta mwarobaini wake umechunwa gome lote, kuanzia mizizini hadi mkono wa mtu mrefu unapofika. Shina lilikuwa jeupe na limelowa, kama goti lililochubuka.

Miaka thelathini alikuwa akikata kipande cha upana wa kiganja, upande mmoja tu, kisha anaacha kidonda kipone.

Mdogo wake, Saumu, alikuwa chini ya mti akifunga kiroba cha magome.

“Shikamoo, dada. Jana redio ilisema mwarobaini unatibu kila ugonjwa. Watu walijaa hapa alfajiri, ukiwa bado umelala. Nimekuwekea fungu lako.”

“Mti ukichunwa pande zote hufa, Saumu.”

Saumu akatazama juu. Majani yalikuwa mabichi, yakicheza na upepo.

“Mbona mzima?”

Mwanakheri alikanda udongo kwa maji na samadi, akaanza kulipaka shina kwa viganja. Akavua kanga ya kichwani, akalizungushia. Haikufika nusu.

Saumu akafungua kanga yake, akaiunganisha.

Langoni alikuwa amesimama mwanamke, mtoto mwenye homa mgongoni, panga mkononi.