Filimbi Ukweni

"Shikamoo, baba," alisema Antipasi, na hilo likawa neno lake la mwisho hapo uwanjani. Akachomoa filimbi ya mwanzi kwenye mfuko wa koti, akasimama katikati ya uwanja wa wakwe zake kana kwamba ameitwa kutumbuiza.

Mzee Alute, baba mkwe wake, alikuwa anachonga mpini wa jembe. "Marahaba," akajibu, akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Umekuja kumfuata mwenzio, au umekuja kutuburudisha?"

Antipasi akatabasamu tu. Alikuwa ameapa kutoongea, na alijiona shujaa kweli kweli.

Kuongea ndiko kulikomfikisha hapo. Yeye ni mwalimu wa kwaya kanisani, pale Ikungi, na Evodia, mke wake, alikuwa mwimbaji wake. Siku moja mazoezini wimbo uliwashinda wote, na Antipasi akamnyooshea Evodia kidole mbele ya watu: "Wewe ndiye unayetuharibia." Evodia alipofika nyumbani alifunga nguo zake, akarudi kwao, kijiji cha jirani. Tangu hapo mwalimu alikuwa anakula ugali aliousonga mwenyewe, nusu yake unga mbichi.

Alimtumia ujumbe wa simu, tena si mmoja. Kila ujumbe ulianza na samahani ukaishia na somo la kuimba. Hakujibiwa.

Noel, mpiga kinanda wa kwaya, alimshauri waende pamoja na spika, wampigie wimbo kamili. Antipasi akakataa. Alikuwa amewahubiria wanakwaya miaka mingi kwamba muziki ni ile sauti moja inayopanda na kushuka. Kinanda ni mapambo, na hata maneno ni mapambo.

"Bila kinanda, wimbo wako ni mifupa mitupu," Noel alisema.

"Mifupa ndiyo inayomsimamisha mtu," Antipasi akamjibu, akapendezwa na jibu lake mpaka akalirudia.

Basi akachagua wimbo mfupi kuliko zote anazozijua, ule aliojitungia zamani akirudisha ng'ombe wa baba yake jioni. Ulipanda kidogo, ukashuka, ukatulia, basi. Asingeongeza neno wala jicho la kubembeleza. Kama muziki una nguvu, Evodia angekuja mwenyewe. Kama hauna, basi yeye alikuwa mpumbavu asiye na mke. Hilo la pili alilifikiria haraka haraka, akalipita.

Evodia alikuwa kando ya nyumba, anapepeta uwele. Filimbi ilipolia, ungo ukasimama. Antipasi alipoona hivyo moyo ukamwenda mbio, akakosea, akaanza upya. Ungo ukaendelea na kazi.

Mzee Alute alimwacha amalize.

"Mkwe, sisi hapa ndoa haina mambo mengi," akasema. "Ng'ombe wako wa mahari wako kwangu, wanakula mabua hapo nyuma. Maadamu wako hapa, yule ni mkeo. Siku hata mmoja akirudi zizini kwenu, tunahesabu imevunjika. Lakini mimi kumburuta simburuti. Akitaka, atakufuata."

Antipasi aliinamisha kichwa kwa heshima, akageuka, akaondoka huku anapiga. Hakuangalia nyuma. Kuangalia nyuma kungekuwa kumwomba kwa macho, na jaribio lingeharibika. Mke alikuwa anamponyoka, naye bado alikuwa anahangaikia jaribio.

Alipokuwa anavuka shamba lililovunwa, upepo ukimvuma masikioni, alisikia hatua nyuma yake. Zilikuja polepole, nzito kidogo, za mtu aliyenuna. Aliponyamaza, zikasimama. Alipopiga tena, zikaja.

Machozi yakamlengalenga. Alitamani Noel angekuwepo aone.

Kisha akaona aibu. Mke anarudi, na yeye anamfikiria mpiga kinanda! Akashusha filimbi.

"Usijibu," alisema, macho mbele. "Siku ile ni mimi niliyeanzisha wimbo juu mno. Wote mlishindwa kufika, nami nikaogopa kuchekwa, nikakutupia wewe. Hiyo sauti yako, Evodia, ndiyo ninayoishikilia kila Jumapili nisipotee. Mwalimu gani mimi! Nimekukosea. Na nyumba ile bila wewe siiwezi."

Alisikia pumzi ndefu, ya moto, karibu kabisa na shingo yake. Kisha akasukumwa mgongoni, taratibu. Antipasi akalia waziwazi katikati ya shamba la watu. Alijua amesamehewa, na alijua hastahili.

Ndipo alipolambwa kisogo, na ulimi ulikwaruza kama msasa.

Aligeuka. Ng'ombe mweusi aliyemswaga mwenyewe kutoka zizini kwa baba yake, siku ya kupeleka mahari, alikuwa anamtazama kwa upendo mkubwa. Na kule nyuma, akiyarukaruka mabua, Evodia alikuwa anakuja mbio, kilemba kimemvuka, kandambili moja mguuni.

"Mrudishe huyo, Antipasi!" alipiga kelele. "Mrudishe upesi! Akifika kwenu watasema nimeachika!"