L ya Lazaro

"Usigonge kama unatwanga, mama mkubwa. Gusa tu."

Atuganile aliinua kidole. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimejaa herufi moja mstari mzima. Lazaro, mtoto wa shemeji yake, alizifuta huku akisonya.

Steshenari hiyo ya Kasumulu ilikuwa ya kijana huyo. Hapo ndipo, kwa madai yake, Mwalimu Asajile, marehemu mume wa Atuganile, alipochapa wosia kwa mikono yake mwenyewe, wiki mbili kabla ya kufa, na kumtaja Lazaro kuwa mrithi wa shamba la kakao. Mjane angehama baada ya mavuno. Ukoo ulitaka tu barua yake ya kukubali.

"Nitaichapa mwenyewe," Atuganile alikuwa amesema. "Kama mume wangu alijifunza na macho yake yale mabovu, nami nitajifunza."

Alimchukia kijana huyu, wala hakujisumbua kuficha. Mzee Ambilikile, msemaji wa ukoo, alikaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani, akiwasikiliza.

"Lile neno la mtu anayeachiwa mali," Atuganile aliuliza, "linaandikwaje?"

"Mlithi. M, L, I, T, H, I."

"L?"

"L. L ya Lazaro." Alicheka kwa dharau. "Umelala na mwalimu wa Kiswahili miaka arobaini, neno dogo hivi linakushinda?"

"Mimi niliishia darasa la pili. Yeye ndiye alikuwa anasahihisha mpaka matangazo ya kanisani."

Akabonyeza herufi moja moja, jasho likimtoka.

"Soma. Kuna kosa?"

Lazaro alisoma haraka. "Hakuna. Weka sahihi, tumalizane. Nina wateja."

Mashine ikatoa karatasi. "Ndaga," Atuganile alishukuru, lakini kalamu hakuigusa. Alimpa Mzee Ambilikile karatasi ile.

Mzee akatoa wosia mkobani, akaziweka karatasi mbili sambamba mezani. Ukucha wake ukasimama chini ya "mlithi" kwenye moja, kisha chini ya neno lilelile, L ileile, kwenye nyingine.

"Hebu rudia, Lazaro," alisema. "Wosia huu aliuchapa nani?"

Atuganile alirudi kwenye kompyuta, akafuta herufi moja katika neno lile, akaitafuta nyingine mahali pake. Safari hii hakugonga. Aligusa tu.

R.