Siku ya Makorongo

Kulwinder anasema marehemu Idarous alimnyima salamu.

Amelisema hilo mara nyingi, tena hulisemea hapahapa, sebuleni kwa Safiya, mjane wa Idarous, Kings Heath mjini Birmingham, ambako nyumba zao zimegawana ukuta. Kulwinder ni Singasinga wa Kisumu, na Kiswahili chake hakijui kunong'ona. Kule Uchina walipanda boti moja, vyumba vya jirani. Anasema asubuhi boti ilipoingia kwenye makorongo, milima imesimama huku na huku, maji ya kijani, kila mtu alikuwa nje. Akachungulia kibaraza cha pili. Idarous kakaa kitini, blanketi mpaka kidevuni, kofia, miwani nyeusi. Mkewe ubavuni.

"Nikamwambia, Bwana Idarous, umeamkaje. Kimya. Nikampungia mkono. Kimya. Nikasema haya, mzee leo ni Mchina, hatujui tena. Nikawapiga picha nikaenda zangu."

"Alikuwa amechoka," Safiya husema. Kila mara husema hivyohivyo.

"Kuchoka na kula vile? Siku ile nzima ulikuwa unabeba sahani mbili kutoka bafe, na zote zinarudi tupu. Mimi naona kila kitu, dada."

Kesho yake boti ilifika mji wa mwisho, na abiria wakaambiwa mzee wa chumba kile kafariki alfajiri. Daktari aliyepanda botini alimtazama maiti, kisha akamtazama Safiya kwa muda mrefu zaidi, kisha akaandika alivyoambiwa. Waislamu wa mji ule wakamwosha, wakamsalia, wakamzika kwenye kilima juu ya mto.

Hakuna aliyeshangaa sana. Moyo wa Idarous ulikuwa mbovu tangu zamani. Safari yenyewe aliitaka alipokuwa amelazwa, baada ya kuyaona makorongo yale kwenye televisheni ya wodini. "Nikizidiwa njiani usikubali wanishushe," alimwambia mkewe. "Nifikishe pale kwanza." Safiya aliitikia, akaendelea kumenya chungwa.

Aliporudi Birmingham aliendelea na eda. Nguo nyeupe. Wanja hana, manukato hana. Kioo cha chumbani alikigeuza kikatazama ukuta. Alipika, akafua, akakaa dirishani akitazama magari. Hakulia.

"Mie sijaona chozi," Kijakazi alimwambia Kulwinder jikoni, kwa sauti ya kumfikia anayesemwa. Kijakazi ni dada wa marehemu, anakaa Northfield, na Safiya hana mtu mwingine wa kumwita ndugu katika nchi hii. Yeye ndiye aliyeshika hesabu ya eda.

"Nyie mnahesabu toka mazishi?" Kulwinder aliuliza.

"Toka roho ilipotoka. Si mazishi, si kurudi huku. Ikitimia nitamkogesha mwenyewe kwa mikono yangu, nimtoe mlangoni. Lakini akitoka kabla, hata kwa siku moja, mimi na yeye ndiyo mwisho. Kaka yangu hakuwa paka."

Safiya alikuwa anakunja nguo chumba cha pili. Alisikia. Aliendelea kukunja.

Zikabaki siku mbili eda iishe. Kijakazi alikuja asubuhi kupanga sebule kwa ajili ya wageni, na Kulwinder akaja na zawadi, picha yake ya kibarazani, kaikuza, kaitia fremu ya dhahabu.

"Ya mwisho ya uhai wake," Kulwinder alisema. "Mungu alinituma mimi."

Kijakazi aliipangusa kioo kwa ncha ya mtandio. Kaka yake na miwani yake, nyuma yake mlima. "Kama kalala," alisema. Aliiteremsha picha ya harusi ukutani, akaomba msumari.

"Lakini mtazame huyu," Kulwinder alisema, akimwonyesha Safiya pichani. "Watu wote siku hiyo wamevaa rangi, hata mimi na miguu yangu hii. Yeye kajifunga shuka jeupe gubigubi, uso hauna hata poda. Nilidhani anakwenda Makka."

Ndipo harufu ya udi ilipoteremka ngazi.

Safiya aliingia na gauni la kijani. Nywele zilikuwa bado na maji. Wanja machoni.

Kijakazi alimtazama toka juu mpaka chini. "Nini hiki?"

"Nimetoka eda, wifi."

"Eda yako keshokutwa."

"Imekwisha leo."

"Mimi nimehesabu, Safiya. Mara mbili."

"Hesabu yako haina kosa."

"Basi siku mbili ndizo zilizokushinda?" Kijakazi alizungumza taratibu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mtu kakupeleka mpaka Uchina, kafia mikononi mwako, siku mbili tu huwezi kumpa? Nasubiri nini hapa? Niambie neno moja la kunizuia nisitoke kwenye mlango huo."

Kulwinder alitazama zulia.

Safiya alikuja karibu, akaweka kidole juu ya kioo, pale blanketi lilipofika kidevuni. Alikitelezesha kidogo kuelekea juu, kama anayemfunika mtu vizuri zaidi.

"Kulwinder alipotupiga picha hii," alisema, "nilikuwa nimeshaanza eda."

Kijakazi alibaki amesimama, fremu mikononi, uso wa kaka yake umemwelekea.

"Ipokeeni," alisema. "Mmoja wenu aipokee."

Hakuna aliyenyanyua mkono.