Hina ya Karakana

Vijana wa chuo cha ufundi walikuwa na kosa moja tu: walilelewa vizuri. Kila Bi Zuwena, mwanafunzi mwenzao mwenye wajukuu walioota ndevu, alipotaka kuinua chombo kizito, walimwahi. "Lete, bibi, nikupokee." Basi akabaki mtazamaji wa magari.

Siku ya mtihani gari lilikuwa juu ya jeki, gurudumu limelala chini. Alipoinama, darasa zima likajongea.

"Atakayenipokea leo amenifelisha!" akasema. "Mikono nyuma!"

Wakafumbata mikono mgongoni, wakimtazama akilikumbatia gurudumu, akilipandisha kwa goti, akikaza nati kwa spana. Nasra, jirani yake wa dawati, alihema kana kwamba analibeba yeye.

Mwalimu, ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wake, akalisukuma gurudumu. Likazunguka sawasawa.

"Umefaulu, mama."

Karakana ikarindima kwa vigelegele. Nasra akaleta maji na sabuni.

"Nawa, bibi. Umejaa grisi."

Bi Zuwena akaitazama mikono yake, nyeusi tititi hadi vifundoni.

"Mwanangu, hina huoshwa ingali mbichi?"

Akatoka langoni taratibu, vidole amevitanua mbele yake kama bibi harusi.