Begi la Consolée

Mama alikuwa amechoshwa na fujo ya Consolée, binti yake wa miaka kumi na moja: taulo lililolowa kitandani, soksi bafuni, kitana ndani ya ndoo ya kuogea. Jumamosi hiyo wakaanza kupanga pamoja.

Chini ya kitanda mama akavuta begi zito. Ndani mlikuwa mmepangwa vizuri nguo za Consolée, viatu vya mdogo wake, sabuni, buletini ya shule yenye alama zake, na kitenge cha mama mwenyewe.

"Hii ni ya nini?"

"Tukikimbia vita tena, mama. Minye niko tayari."

Mama akapekua mpaka chini. "Na nguo za papa ziko wapi?"

Consolée akainama, akaokota soksi.

"Papa alisema nisiweke. Yeye atabaki."

Mama akabeba begi, akamfuata mumewe uani.