Daftari la Mzee Haule

Kitu cha kwanza Redempta alichokiona kilikuwa uzi. Daftari lilifungwa kwa uzi mweupe wa kiwanda cha nguo, alikofanya kazi babu yake baada ya kutoka vitani, na fundo alilifunga marehemu mwenyewe.

"Wasifu wote umo humu," baba yake mdogo, Gaspa, aliwaambia waombolezaji. "Mzee alisema mjukuu wake ameuandika."

Babu alijua Redempta aliishia darasa la tatu, ila aliamini miaka mitatu inatosha. Kila jioni alisimulia, naye, kwa kuona haya, alichora vijimawimbi ukurasa baada ya ukurasa. Macho ya mzee hayakuona vizuri.

"Umefika wapi, mama?"

"Kwenye mashine za kufuma, Babu."

Gaspa alifunua kurasa mbili, akaligeuza daftari juu chini. "Dempta, hii ni lugha gani?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Redempta alisimama, akalichukua daftari, akaweka kidole kwenye wimbi la kwanza, pale babu alipopanda lori la jeshi.

"Babu," aliliambia jeneza, "mimi sijui kuandika."